Namba ya Akuch

Jumatatu, 18 Machi. Lodwar

Daktari Kipkemboi ameagiza tuweke daftari mbali na fomu. Wapimaji tuko wawili tu kwenye mradi, kwa hiyo "tuweke" maana yake niweke mimi. Anasema fomu hubeba namba peke yake, na namba bila habari za siku yake haifai kitu. Niandike joto, upepo, mvua, nani alikuja amechoka. Haya. Leo joto thelathini na tisa, upepo wa mashariki, vumbi limeingia hadi kwenye mswaki.

Daftari likipotea, lirudishwe kwa Jerusha Jebet, fundi wa mionzi, mradi wa maji ya visima.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna visima ambavyo maji yake hupita kwenye mawe yenye chembe za radiamu, madini yanayotoa mionzi. Mtu akiyanywa miaka mingi, radiamu huenda ikakaa mifupani. Hapa hatujui kama ipo; tumetumwa kujua. Mtu anaketi dakika ishirini kwenye kiti chenye chombo mgongoni, nacho kinahesabu mionzi inayotoka mwilini mwake. Hakimchomi wala hakimpigi picha. Kinasikiliza tu.

Jumatano, 20 Machi

Watu tisa. Wote chini ya mstari, kiwango ambacho juu yake tuna wasiwasi. Joto lile lile.

Ijumaa, 22 Machi

Leo tumekifundisha kiti. Kiti hakimjui binadamu, hujifunza kwa chupa: chupa za plastiki zenye maji na radiamu kidogo ambayo kiasi chake tunakijua, zimepangwa kichwa, kifua, mapaja. Tunamwita Mzee Chupa. Ana kilo sabini.

Nilimwuliza Daktari itakuwaje Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, maana wanawake wengi huko hawafiki kilo hamsini. Mtu mwembamba mifupa yake iko karibu zaidi na chombo, si ataonekana ana zaidi ya alichonacho? Alifurahi kweli. Akasema kosa hilo analijua, ni kama sehemu moja kwa tano, na litaandikwa kwenye ripoti. Kisha akanisomea tena masharti: mpimwa aoge, avae gauni letu, asubiri saa nzima ndipo aketi. Namba ikivuka mstari, apimwe tena siku nyingine kabla ya kuambiwa lolote.

Ninapenda kufanya kazi na mtu anayejua ukubwa wa kosa lake.

Jumatano, 27 Machi. Kakuma

Tumehamia Kakuma. Ekeno, dereva wetu, mtu wa Kaaleng, ameongea njia nzima, kuhusu mbuzi wake, kuhusu shemeji yake, kuhusu barabara. Nilijifanya nimelala. Tumepewa chumba cha matofali karibu na mfereji wa Kakuma Moja.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Nimempigia mama. Kapsabet mvua imeanza. Huku hakuna hata wingu.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua ya kwanza. Ilianza saa nne asubuhi, kubwa, ya upepo. Foleni ya watu ishirini na wawili ilijibana chini ya mabati ya mbele. Magauni yetu yote yalikuwa kwenye kamba nje, yakalowa.

Saa sita akaingia Akuch. Mdinka, mrefu, kilo arobaini na sita, yuko kambini mwaka wa nane. Mumewe, Manyok, anauza unga na sukari sokoni. Alikuwa na mtoto wa wiki tisa, Ajok, na leso aliyokuwa nayo alimfunikia mtoto, yeye mwenyewe akaja akichuruzika maji kichwani hadi miguuni. Hapakuwa na gauni kavu. Hapakuwa na nafasi ya kumweka saa nzima, na nje watu wananyeshewa. Nikamwambia aketi hivyo hivyo. Mtoto alishikwa na jirani yake.

Aliniuliza kama kiti kinamwona mtoto pia. Nikamwambia hapana, kinakuona wewe tu. Akatikisa kichwa akakaa dakika zote ishirini, macho kwa mtoto.

Namba yake imetoka mara tatu ya mstari. Ni ya kwanza kuvuka tangu tuanze.

Alhamisi, 4 Aprili

Nilimwonyesha Daktari. Alitazama sana, akasema arudiwe. Nikauliza lini. Akafungua ratiba: watu mia tatu hawajapimwa, na mashine inarudi Nairobi katikati ya Mei. Marudio yote yafanywe pamoja mwezi wa tano, akasema. Na mpaka hapo, asiambiwe mtu.

Lakini tulikuwa tumewaahidi majibu siku ya pili, na saa tatu Akuch alikuwa mlangoni. Ningeweza kumwambia bado. Nilimtazama usoni nikaona neno "bado" hatalielewa, ataenda nalo nyumbani na kulala nalo. Nikamwambia namba yako iko juu kidogo, tutakupima tena.

"Iko kwa maziwa?" akauliza.

Hapo jibu la kweli lilikuwa sijui. Mimi nikasema inaweza kupita kidogo kwa maziwa. Nikasema, kama Manyok anaweza kupata ya kopo, ampe mtoto ya kopo mpaka tumpime tena, kwa usalama tu. Akauliza maziwa yake atayafanyaje. Nikamwambia ajifunge kitambaa kifuani kwa nguvu, kama alivyofanya shangazi yangu, yatakauka yenyewe.

Alinishukuru. Nimerudi chumbani nikijiona nimefanya jambo jema, nimemtendea kama mtu, sikumtendea kama fomu.

Ijumaa, 5 Aprili

Watu kumi na wanane. Kavu. Wote safi.

Jumatano, 10 Aprili

Nimepita kwa Akuch baada ya kazi. Manyok amenunua makopo mawili mjini, yako juu ya sanduku, yamefunikwa kitambaa kama kitu cha kanisani. Akuch anapima kwa kijiko na kufuta ukingo wa kijiko kwa kidole asizidishe. Maji ni ya mfereji. Huchemsha kuni zikiwepo. Nilitaka kusema kitu juu ya hizo kuni nikaona aibu, maana hata sisi ofisini tunanunua maji ya chupa.

Nyumba yao imebadilika. Mama mkwe, Agot, ndiye anayemshika mtoto sasa, anamwogesha, analala naye. Anasema mwili wa Akuch una moto. Nilijaribu kumweleza kwamba si moto, na kwamba kumshika mtoto hakumdhuru. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akamhamishia mtoto bega la pili, mbali na mama yake.

Akuch alinisindikiza hadi njiani. Hakulalamika. Alisema mtoto analia sana akisikia sauti yake, kwa hiyo anaongea polepole.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua tangu saa tatu, magauni yamelowa tena. Mchana mmoja watu wanne wamevuka mstari. Daktari ametembea chumbani mikono nyuma. Anadhani ni kisima kimoja, anataka ramani ya nani anachota wapi. Mmoja wao ni Nabei, Mturkana wa Lorugum aliyekuja kumtembelea dada yake, naye ananyonyesha. Nimempa ushauri ule ule niliompa Akuch.

Naona aibu kuandika, lakini nilikuwa na furaha. Nilifikiri: hatukuja bure.

Alhamisi, 18 Aprili

Laga, ule mto wa msimu, imejaa. Barabara ya Lodwar imekatika. Mfereji unatoa maji rangi ya chai.

Ijumaa, 19 Aprili

Vile vile.

Jumatatu, 22 Aprili

Zahanati imejaa watoto wanaohara. Sisi tumepima kumi na mmoja.

Ijumaa, 26 Aprili

Ekeno alikuja asubuhi akasimama mlangoni bila kusema ejok, yeye ambaye husalimia hata mbuzi. Alisema mtoto wa yule mama mrefu amekufa. Nikauliza mama yupi, kama vile sikujua.

Ajok alianza kuhara Jumanne. Jumatano wakampeleka zahanati, wakapewa chumvi za kuchanganya na maji, wakaambiwa wamrudishe akizidi. Akazidi jana alasiri, na jana alasiri laga ilikuwa imefunga njia. Manyok alijaribu kuvuka naye kichwani, maji yakamfika kifuani, akarudi. Mtoto alikufa kabla jua halijazama. Wiki kumi na mbili.

Nilikaa kwenye kile kiti cha kupimia kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Ekeno hakuondoka. Aliniuliza mtoto aliacha kunyonya kwa nini. Nikamwambia mama yake alikuwa na namba kubwa. Akafikiri, akasema, "Na mtoto alikuwa mgonjwa kwa hiyo namba?" Nikasema hapana, ilikuwa ni kwa usalama tu. Nimekuwa nikimdharau huyu mtu kwa maneno yake mengi. Leo alisema machache kabisa.

Jumamosi, 27 Aprili

Tumemzika asubuhi. Ardhi ilikuwa laini, haikuchukua muda. Manyok alibeba jeneza peke yake, dogo hivyo. Akuch alisimama nyuma ya wanawake wote, na kati yao na yeye palikuwa na hatua kama nne. Nilidhani ni huzuni. Halafu akasogea, na wale wa mbele yake wakasogea pia, hatua zikabaki nne.

Kwenye matanga nilimsikia mwanamke akimweleza mwenzake kwa Kiswahili kwamba mwili wa mama ulimchoma mtoto. Nilisikia vizuri. Nilikunywa chai yangu nikaenda.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua imesita siku nne. Tumeanza marudio. Wale wanne wa tarehe kumi na sita wamekuja, Nabei aliletwa na Ekeno kutoka Lorugum. Wameoga, wamevaa gauni kavu, wamesubiri saa nzima. Wote wanne chini ya mstari. Nabei aliondoka kwa haraka, gari lilikuwa linamsubiri, sikupata nafasi ya kuzungumza naye.

Daktari anasema labda wamebadilisha maji ya kunywa. Lakini radiamu haitoki mifupani kwa wiki mbili, nilijifunza kwake mwenyewe. Alijua nimejua. Alivua miwani akaisafisha.

Akuch hakuja.

Jumamosi, 4 Mei

Naandika mambo ya leo kwa utaratibu.

Jana nilifungua daftari hili na fomu pamoja. Namba tano zilizovuka mstari: moja tarehe tatu, nne tarehe kumi na sita. Siku za mvua. Sijapata hata moja siku kavu.

Leo saa tano mvua ilinyesha, nusu saa tu. Nilimpanga Mzee Chupa kwenye kiti, chupa zenye maji matupu, hazina radiamu hata chembe. Nikachukua shuka kavu, nikatoka nayo nje nikasimama kwenye mvua hadi ikalowa, nikarudi nikamfunika. Dakika ishirini. Mashine ikasema ana radiamu, mara mbili ya mstari. Chupa za maji.

Nilisubiri. Baada ya saa moja namba ilikuwa imeshuka sana. Baada ya saa tatu haikuwepo.

Daktari alikuja akakuta nimekaa chini sakafuni. Nikamwonyesha. Hakuhitaji kuelezwa. Ardhini hutoka gesi, radoni, inapanda hewani, na huko inazaa chembe ndogo zinazokufa kwa muda mfupi. Mvua inaziokota na kuzishusha. Ni kidogo mno, hazimdhuru mtu, lakini zinatoa mionzi ya aina ile ile tunayoitumia kuitambua radiamu. Na sisi tulikuwa tumepima chumba kitupu asubuhi, kabla ya mvua, tukaipunguza hesabu hiyo kavu kwenye hesabu ya mtu aliyelowa. Ndiyo maana ya kuoga. Ndiyo maana ya gauni, na ya kusubiri saa nzima. Ongeza wembamba wa Akuch, ambao Mzee Chupa hakuwa nao.

Mashine haikukosea. Ilisikia mvua kwenye nguo za Akuch. Mimi ndiye niliyeandika kwamba ni mifupa yake.

Jumatatu, 6 Mei

Tumegombana, mimi na Daktari, kwa sauti za chini. Alianza kwa kusema mtoto aliuawa na maji ya mafuriko, na kwamba wiki ile walikufa watoto wengine walionyonya. Ni kweli. Nikasema na huyu je, angekufa? Akasema hilo halipimiki. Halafu akasema, "Nilikuambia usimwambie."

Hilo nalo ni kweli. Nilikusanya fomu nikatoka.

Alasiri alinifuata kwenye gari. Amezeeka tangu Machi, au ndiyo kwanza namtazama. Alisema mimi nilisema kabla ya wakati, lakini yeye ndiye aliyeahirisha kumpima tena, na kurudia siku moja tu kavu kungetosha. Alisema aliihofia ratiba. Alikuwa ameandika barua ya kufuta namba zote tano, ametia saini, na sababu ameiandika wazi: kosa la wapimaji. Akajitolea kwenda kwa Akuch. Nikamwambia hapana, maneno yale yalitoka kinywani mwangu.

Jumatano, 8 Mei

Sikwenda. Nilisema kuna kazi.

Alhamisi, 9 Mei. Lorugum

Ekeno amenileta kwa Nabei. Nilimkuta ameketi nje ya duka la dada yake mwingine, mtoto yuko kifuani, mnene, shingo haionekani. Nilimweleza kwamba namba yake ilikuwa kosa na kwamba anyonyeshe bila wasiwasi. Alicheka kidogo. Alisema hakuwahi kuacha.

"Ulisema nikasikia," akasema. "Halafu mtoto akalia, nikampa."

Nimemshukuru Mungu kwamba mwanamke huyu hakunitii. Njiani Ekeno alisimamisha gari bila kuambiwa, akaenda kuangalia tairi ambalo halikuwa na shida, akakaa huko hadi nilipomaliza kulia.

Jumamosi, 11 Mei. Kakuma

Nimekwenda. Manyok alikuwepo, hakufungua duka leo. Agot alikuwa amekaa kwenye mkeka wake upande wa pili wa ua. Akuch alinipa kiti, yeye akakaa chini.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, kuhusu gesi na mvua na chupa. Niliyasema, sijui kwa mpangilio gani. Manyok alisikiliza akitazama mikono yake. Nilipomaliza, Akuch akauliza kitu kimoja.

"Basi maziwa yangu ilikuwa mzuri?"

"Yalikuwa mazuri," nikasema. "Yalikuwa mazuri wakati wote."

Alitikisa kichwa polepole. Alisema kitambaa alikifunga kama nilivyomwambia. Alisema siku tatu za kwanza maziwa yalitoka yenyewe kila mtoto akilia, yakalowesha kitambaa, na yeye akawa anakikamua nje, mbali, ili hata kuku wasinywe. Alisema siku ya kumi yakakauka. Hakuinua sauti. Alinieleza kama mtu anayemweleza daktari, kwa utaratibu, asisahau kitu.

Manyok aliinuka akaingia ndani. Tulimsikia akisogeza vitu.

Nikaomba msamaha. Akuch alisema, "Sijakusamehe. Pengine siku ingine." Nikamwambia ni haki yake. Nikamtolea barua ya Daktari yenye saini. Aliishika, akaigeuza, akanirudishia. Watu hapa hawasomi hiyo, alisema, na wakisoma watasema ofisi inajificha. "Hao walisikia kwa mdomo. Wewe kesho kuja kanisani, sema kwa mdomo."

Jumapili, 12 Mei

Kanisa lao ni nguzo na turubai, na leo lilijaa. Mchungaji alikuwa ameambiwa. Baada ya sala ya kwanza aliniita mbele, akasimama kando yangu kutafsiri kwa Kidinka.

Nilitaja jina langu na kazi yangu. Nikasema mwezi uliopita nilimpima Akuch, mke wa Manyok, nikamwambia mwilini mwake kuna kitu kibaya, nikamwambia asinyonyeshe. Nikasema mwilini mwake hamna kitu. Maziwa yake yalikuwa mazuri. Nguo zake zilikuwa zimelowa mvua, na mimi nilipaswa kumpa nguo kavu na kumngojea, sikufanya hivyo. Kosa ni la kupima, na aliyepima ni mimi.

Mchungaji alitafsiri kila sentensi, na kila alipomaliza ilinibidi nisubiri watu wote wakinitazama. Mwanamume mmoja akauliza kama mvua basi ina sumu. Nikamjibu kwamba haina, ni kitu kidogo kinachoisha kwa saa chache, watu wamenyeshewa nacho tangu dunia iwepo, kinaichanganya mashine tu. Mwanamke mwingine, mjamzito, akauliza kama akijifungua anyonyeshe. Nikasema ndiyo, anyonyeshe. Akauliza tena, kama vile swali la kwanza halikusikika. Nikasema ndiyo.

Akuch alikuwa benchi la nyuma, peke yake, benchi la watu sita. Hakulia. Alikuwa ameinua kidevu, akiwatazama watu wakigeuka kumtazama, mmoja mmoja.

Kisha Agot akainuka mbele. Ni mzee, miguu inamsumbua, alichukua muda. Alitembea katikati ya mabenchi hadi nyuma kabisa, akakaa karibu na Akuch. Hakumshika mkono. Alikaa tu, akatazama mbele, na wanawake wawili wakainuka wakamfuata.

Mchungaji akaanzisha wimbo. Ulikuwa wa Kidinka, siujui. Waliimba beti zote, nami nilibaki nimesimama pale mbele, kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae.